Jakuzi nyumbani: Breka hulinda nyaya, nani anamlinda mwogaji?

Na Mwandishi Wetu

JAKUZI, lile beseni kubwa la kuogea ambalo maji yake hupashwa moto kwa umeme na kusukumwa kwa pampu, si anasa ya hoteli za kitalii pekee. Siku hizi linaonekana katika majumba ya watu binafsi jijini Dar es Salaam, katika nyumba za wageni za Arusha na Zanzibar, na hata katika vituo vya mazoezi ya viungo.

Mara nyingi mazungumzo kati ya mwenye nyumba na mafundi wake kuhusu chumba hicho huanzia kwenye rangi ya vigae, aina ya mabomba na bei ya beseni lenyewe. Habari ya umeme hutajwa mwishoni, tena kwa sentensi moja tu: fundi atavuta waya kutoka kwenye soketi ya karibu.

Sentensi hiyo fupi ndiyo inayobeba maisha ya watu watakaooga humo. Vigae vikishabandikwa, kosa lililofanywa ukutani halionekani tena mpaka siku litakapojitokeza lenyewe.

Aidha, suala hili haliwahusu wenye uwezo pekee. Nyumba nyingi za kawaida mijini zina hita ya maji ya papo hapo iliyofungwa juu ya kichwa cha mwogaji, na hatari yake ni ile ile: umeme, maji na mwili wa binadamu usio na kiatu wala nguo katika chumba kimoja kidogo.

Ili kuielewa hatari hiyo, ni vema kuanza na mwili wenyewe. Ngozi kavu huzuia umeme kwa kiasi kikubwa. Ngozi iliyolowa hupoteza sehemu kubwa ya kinga hiyo, na ndiyo maana mtu aliyewahi kuguswa na umeme sebuleni akapona kwa kuruka nyuma asidhani kwamba bafuni atabahatika vivyo hivyo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Umeme unaosambazwa majumbani nchini ni wa volti 230. Ikiwa mwili uliolowa una ukinzani wa omu 1,000, mkondo utakaopita mwilini ni miliampea 230.

Kiasi hicho ni kikubwa mno kwa moyo. Profesa Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani, ambaye kwa miaka mingi alichunguza athari za umeme kwa binadamu, alibaini kuwa mkondo wa wastani wa miliampea 16 kwa wanaume na miliampea 10.5 kwa wanawake unatosha kuikaza misuli ya mkono kiasi cha mtu kushindwa kuachia alichokishika. Mkondo ukizidi hapo hadi kufikia makumi ya miliampea, kupumua kunakuwa kugumu na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika.

Sasa tutazame kile ambacho wengi hukitegemea, yaani breka iliyopo kwenye kisanduku cha umeme karibu na mlango.

Breka ya hita au ya jakuzi huwa ya ampea 20, 32 au zaidi. Ampea 32 ni sawa na miliampea 32,000. Mkondo wa miliampea 230 unaoweza kumuua mtu ndani ya maji ni mdogo sana mbele ya breka hiyo, kwa hiyo haitashtuka wala kukata umeme.

Hilo si kosa la breka. Kazi yake, kama ilivyo kazi ya fyuzi, ni kuzuia nyaya zisipate moto na kuunguza nyumba. Breka hulinda nyaya, na haikutengenezwa kumlinda mwogaji.

Kinga ya mwogaji hutokana na mambo matatu yanayofanya kazi kwa pamoja: ethi iliyo sahihi, kifaa cha kukata umeme unapovuja, na kuunganishwa pamoja kwa vitu vyote vya chuma vilivyomo chumbani. Likikosekana mojawapo, mawili yanayobaki hayatoshi kuliziba pengo hilo.

Tuanze na ethi. Huu ni waya wa tatu, wenye rangi ya kijani na njano, unaounganisha mwili wa chuma wa pampu au hita na fimbo ya shaba iliyochimbiwa ardhini. Kazi yake ni kuupa umeme unaovuja njia ya kwenda ardhini badala ya kupitia kwa mtu.

Hata hivyo, kuwapo kwa waya huo pekee si dhamana. Tuseme fimbo ya ethi imechimbiwa kwenye udongo wa kichanga uliokauka, na ukinzani wake ni omu 20. Hita ikiharibika na umeme ukagusa chuma, mkondo utakaokwenda ardhini kwa volti 230 hautazidi ampea 11.5.

Breka ya ampea 32 itauona mkondo huo kuwa ni matumizi ya kawaida na kuuacha uendelee. Mwili wa chuma wa pampu utabaki na umeme, huku mwenye nyumba akiamini kwamba yupo salama kwa sababu nyumba yake ina ethi.

Zipo pia njia za mkato ambazo ni mbaya zaidi. Ya kwanza ni kuufunga waya wa ethi kwenye waya wa nyutro ndani ya soketi. Siku nyutro itakapokatika, kila chuma kilichounganishwa hapo kitakuwa na umeme, hata kama kifaa chenyewe hakina ubovu wowote.

Ya pili ni kuifunga ethi kwenye bomba la maji. Mabomba mengi ya siku hizi ni ya plastiki, nayo hayapitishi umeme. Waya uliofungwa hapo ni pambo tu.

Kinga ya pili ni kile kifaa ambacho mafundi hukiita RCD. Kwa macho kinafanana na breka, lakini kina kitufe kidogo cha kujaribia na kazi yake ni tofauti kabisa.

Kifaa hiki hulinganisha umeme unaokwenda kwenye jakuzi kupitia waya wa moto na ule unaorudi kupitia nyutro. Mambo yakiwa sawa, viwango hivyo viwili hulingana. Vikitofautiana, maana yake ni kwamba kuna umeme unaopotea njiani, pengine kupitia mwili wa mtu, na kifaa hukata mara moja.

Kile cha kumlinda binadamu huwa cha miliampea 30. Hiyo ni chini ya sehemu moja ya elfu ya ile breka ya ampea 32. Kwa viwango vya kimataifa, mvujo ukifikia miliampea 150 au zaidi, kinatakiwa kukata ndani ya sekunde 0.04, kabla moyo haujapata muda wa kuvurugika.

Historia ya kifaa hicho inaligusa bara letu. Katika miaka ya 1950, mhandisi Henri Rubin wa Afrika Kusini alitengeneza kifaa cha namna hiyo kwa ajili ya kuwakinga wafanyakazi wa migodini. Nchini Marekani, Profesa Dalziel alibuni cha kwake mwaka 1961, kikiwa na uwezo wa kukata umeme kwa mvujo mdogo wa takriban miliampea 5.

Kanuni za umeme za Marekani zilianza kukitaka kifaa hicho kwenye taa za ndani ya mabwawa ya kuogelea mwaka 1968, na mwaka 1975 zikakitaka kwenye soketi za mabafu ya majumbani. Mahali palipopewa kipaumbele ni pale maji na umeme vinapokutana.

Ikumbukwe kwamba kifaa hiki hakiondoi haja ya ethi. Bila ethi, hita mbovu inaweza kukaa na umeme kimya kimya, na kifaa hakitakata mpaka mtu aiguse, kwa sababu mvujo wa kwanza utakuwa ni ule unaopita mwilini mwake. Penye ethi, umeme huvuja kupitia waya na kukatwa kabla mtu hajaingia majini.

Kinga ya tatu husahaulika kuliko zote. Ni kuyaunganisha kwa waya mabomba ya chuma, vishikio, ngazi, fremu za madirisha ya chuma na mwili wa pampu, ili vyote viwe na kiwango kimoja cha umeme.

Mfano wake ni ndege anayetua juu ya waya wa umeme barabarani. Hadhuriki, kwa sababu miguu yake yote ipo kwenye kiwango kimoja cha volti. Vivyo hivyo, mtu aliyeshika kishikio cha chuma huku mguu wake umegusa bomba hatapitiwa na umeme wa kumdhuru ikiwa vitu hivyo viwili havina tofauti ya volti baina yake.

Baada ya kinga hizo tatu linakuja suala la umbali. Kanuni za kimataifa za ufungaji umeme huligawa eneo la kuogea katika kanda. Kanda ya kwanza kabisa, inayoitwa kanda sifuri, ni ndani ya beseni lenyewe. Humo hairuhusiwi umeme wa kawaida, bali ule wa volti zisizozidi 12 unaotoka kwenye transfoma maalumu iliyowekwa nje ya kanda.

Kanda inayofuata ni juu ya beseni hadi kimo cha mita 2.25 kutoka sakafuni. Nyingine ni ile inayoenea sentimeta 60 kuzunguka beseni. Vifaa vinavyoruhusiwa humo ni vile vilivyotengenezwa kuhimili marasharasha ya maji, na soketi za kawaida hazina nafasi.

Nchi zinatofautiana katika vipimo lakini hazitofautiani katika nia. Marekani inataka soketi isiwe karibu na ukuta wa ndani wa jakuzi chini ya mita 1.83, na swichi za ukutani zikae angalau mita 1.5. Uingereza, ambayo soketi zake za matundu matatu ndizo tunazozitumia hapa nchini, kwa miaka kadhaa ilitaka soketi za bafuni ziwe mita 3 kutoka eneo la kuogea, kabla ya kupunguza umbali huo hadi mita 2.5 mwaka 2022.

Nia yenyewe ni rahisi kuieleza. Mtu aliyemo majini asiweze kunyoosha mkono na kugusa swichi, soketi, simu iliyo kwenye chaji wala redio iliyochomekwa.

Jambo jingine ni unene wa nyaya. Hita ya kilowati 3 huvuta takriban ampea 13, na ya kilowati 6 huvuta ampea 26, bila kuhesabu pampu. Hita ya papo hapo ya kilowati 5.5 huvuta takriban ampea 24.

Waya wa taa kwa kawaida ni wa milimita za mraba 1.5, na wa soketi ni wa milimita za mraba 2.5. Kuiunganisha hita kwenye waya wa taa ni kuualika moto darini. Jakuzi linahitaji njia yake peke yake kutoka kwenye kisanduku kikuu, ikiwa na waya mnene uliokokotolewa kulingana na mzigo na umbali, breka yake na RCD yake.

Njia hiyo iwe pia na swichi ya kuzimia inayokata nyaya zote mbili, wa moto na wa nyutro. Swichi hiyo iwekwe mahali inapoonekana kutoka kwenye jakuzi, lakini mbali na mkono wa mtu aliyemo majini, ili fundi anayetengeneza pampu awe na hakika kwamba hakuna atakayewasha umeme bila yeye kumwona.

Wanunuzi wa majakuzi yaliyotumika kutoka nje wanapaswa kuwa makini zaidi. Vifaa vya Marekani vimetengenezwa kwa umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde, wakati wetu ni wa mizunguko 50. Mota isiyotengenezwa kwa mizunguko yetu huzunguka taratibu zaidi na inaweza kupata joto kupita kiasi.

Zaidi ya hapo, majakuzi mengi ya huko hutumia nyaya nne: mbili za moto, nyutro na ethi. Kati ya waya mmoja wa moto na nyutro kuna volti 120, na kati ya nyaya mbili za moto kuna volti 240. Fundi asiyelijua hilo anaweza kukipa volti 230 kifaa kilichotengenezwa kwa volti 120. Kibao cha chuma kilichobandikwa kwenye mashine hueleza volti na mizunguko yake, nacho kisomwe kabla ya kulipa fedha.

Mvuke nao ni adui. Chumba cha jakuzi kisicho na feni ya kutoa hewa hujaa unyevu unaopanda hadi kwenye viungio vya taa darini, na katika miji ya pwani chumvi iliyomo hewani huzidisha kutu. Viungio vya ethi vilivyokazwa vizuri siku ya kwanza vinaweza kulegea na kuoza baada ya miaka michache.

Wapo pia wanaotegemea jenereta umeme unapokatika. Jenereta ndogo nyingi hazina muunganiko kati ya nyutro na ethi, na katika hali hiyo RCD inaweza kushindwa kukata umeme ukivuja. Iwapo jenereta haijaunganishwa na kupimwa na fundi anayelifahamu jambo hilo, ni busara jakuzi lisitumike mpaka umeme wa kawaida urejee.

Je, sheria inasemaje? Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 imeweka shughuli za ufungaji wa umeme chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), ambayo hutoa leseni kwa mafundi na wakandarasi kwa madaraja. Zanzibar ina mamlaka yake ya udhibiti, ZURA, na shirika lake la umeme, ZECO.

Daraja la leseni huonesha ni kazi ya ukubwa gani mwenye leseni anaruhusiwa kuifanya. Kumtaka fundi aioneshe si kumvunjia heshima. Fundi halali ameilipia na hana sababu ya kuificha.

Tatizo ni wakati. Nyumba mpya inapoombewa umeme huhitaji kazi ya fundi mwenye leseni, lakini jakuzi kwa kawaida huja baadaye, pale mwenye nyumba anapopata nafasi ya kifedha. Mita ipo, umeme unawaka, na hakuna anayebisha hodi kukagua chumba kilichoongezwa. Kwa hiyo mkaguzi wa kwanza, na pengine wa mwisho, ni mwenye nyumba mwenyewe.

Ukaguzi huo hauhitaji utaalamu, unahitaji maswali. Kabla fundi wa vigae hajaanza kazi, mwenye nyumba amuulize fundi umeme mambo haya: Jakuzi lina njia yake peke yake? RCD ya miliampea 30 ipo wapi? Ukinzani wa ethi umepimwa na kupatikana omu ngapi? Vyuma vyote vimeunganishwa? Soketi na swichi zipo umbali gani kutoka kwenye beseni?

Majibu yatolewe kwa vipimo vilivyoandikwa na kutiwa saini, si kwa maneno. Ile bisibisi yenye taa ndogo, maarufu kama testa, huonesha tu kwamba umeme upo. Haiwezi kueleza kama ethi inafanya kazi wala kama RCD itakata kwa wakati. Kazi hiyo ina vipimo vyake, na fundi aliyekamilika anavyo au anajua pa kuvipata.

Ni vema pia nyaya na mabomba yapigwe picha yakiwa bado wazi, na picha hizo zihifadhiwe pamoja na karatasi ya vipimo. Zitamsaidia fundi atakayeitwa miaka kumi baadaye, ambaye vinginevyo atalazimika kubomoa ukuta kwa kubahatisha.

Kazi ikishakamilika, kitufe cha kujaribia RCD kibonyezwe mara kwa mara, angalau mara moja kwa mwezi. Kikibonyezwa na umeme usikatike, jakuzi lisitumike tena mpaka kifaa kibadilishwe. Iwapo kifaa hukata chenyewe mara kwa mara, dawa si kukiondoa, kwa kuwa kinatoa taarifa kwamba kuna umeme unaovuja mahali fulani.

Mtu yeyote akihisi kutekenywa au kuchomwachomwa anapogusa maji au bomba, atoke na umeme uzimwe kwenye swichi kuu siku hiyo hiyo. Na mtu akinaswa na umeme ndani ya maji, anayetaka kumwokoa asiingie wala asimguse kabla ya kuzima umeme huo. Vinginevyo watakuwa majeruhi wawili badala ya mmoja.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika chumba cha jakuzi, ukuta wenyewe ndio unaouficha ufa. Gharama ya RCD, waya mnene na vipimo vya ethi ni ndogo ikilinganishwa na bei ya beseni na vigae vyake, na wakati wa kuilipa ni kabla fundi wa vigae hajakoroga saruji.